Nilivyokwenda Mabamba Kuulizia Tini

Kila nikikutana na mmoja wenu, sokoni au kwenye jumuiya, swali ni lile lile: "Skola, ilikuwaje huko?" Nami naanza, mtu anaitwa, kipande kinabaki. Wengine mmepokea mwisho bila mwanzo, mkauongezea pilipili yenu. Basi leo nasimulia yote mara moja, na atakayetia chumvi tena ni yeye na Mungu wake.

Nianze na yale mliyokuwa mnayasema chini chini, maana msidhani sikusikia. Shamba letu la mitini, lile la chini ya kahawa hapa Kasulu, marehemu mume wangu Gervas alilianzisha kwa vipandikizi vya bustani ya misheni. Vilikuwa vya aina mbili, tini nyeusi na tini za kijani. Mashimo alichimba yeye, kupanda nilipanda mimi. Kila mwaka miti ilibeba, na kila mwaka, mvua za Desemba na Januari zikikolea, zile nyeusi zilipasuka mdomo, zikachachuka na kujaa inzi. Zile za kijani hazikufika hata huko. Zilinyauka zikiwa ndogo kama vifungo vya shati, zikadondoka. Na mimi, mnajua, mimba zangu nazo hazikukaa. Watu wakayashona mambo mawili pamoja. Wakasema ni mkono wa Skola, kila anachokipanda kinadondosha. Gervas mwenyewe aliwahi kulitamka neno hilo, mara moja tu, mwaka ule aliougua. Mara moja inatosha sana.

Alipokwisha kuzikwa, shemeji yangu Ezekieli, mdogo wake, akalitaka shamba apande maparachichi. Ukoo ukapanga kikao Jumapili baada ya misa. Nisipokuwa na neno la maana la kuitetea miti, ing'olewe, shamba liwe lake. Najua kuna baraza na kuna sheria. Lakini kushinda barazani, halafu uendelee kuteka maji kisima kimoja na watu uliowashinda, ni kazi nyingine kabisa.

Sasa Jumatano ya wiki hiyo hiyo, mwanzoni mwa Septemba, dada yangu Dafroza aliyeolewa Mabamba, kule mpakani na Burundi, ananipigia simu ananiambia tini zake zimeiva mpaka anawapa mbuzi. Mbuzi! Za kwake ni vipandikizi vya miti yetu sisi, Gervas alimpelekea mwenyewe. Nilikata simu bila kuaga. Alfajiri ya Alhamisi nilikuwa stendi.

Kutoka Kasulu hadi Makere

Basi lilijaa mapema, likaondoka likiwa limechelewa, kama kawaida yao. Nilikaa na mwanamume mmoja mwembamba mwenye kofia ya kufuma, Mwalimu Mhando, mtu wa Tanga, anafundisha biolojia sekondari moja ya Kibondo. Miaka mingapi yuko huku sijui, lakini baridi yetu bado inamtesa. Alikuwa amevaa masweta mawili.

Mimi nikiwa na jambo moyoni siwezi kunyamaza. Kabla hatujatoka mjini alikwisha kujua habari zote za mitini. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema:

"Mama, pole. Lakini huo si mkono, ni milima. Mtini unataka jua na ukavu. Huku Kasulu ni baridi na mawingu. Mabamba kuna joto kidogo, na mvua zinawahi kukatika. Hapo huna la kufanya."

"Kwa hiyo naenda bure?"

"Sijasema bure. Nasema miti yako iko mahali si pake."

Kha! Niligeukia dirisha. Mtu amekaa na wewe nusu saa, amekuhukumu wewe na shamba lako. Na kilichonikera zaidi ni kwamba huenda alikuwa anasema kweli. Kama ni milima, basi Ezekieli kashinda, maana milima siwezi kuihamisha.

Makere tulisimama kula. Nilinunua mahindi ya kuchoma, nikamkatia Mwalimu kipande kwa hasira hivyo hivyo, naye akakipokea kwa mikono miwili. Basi tukapatana.

Darajani Malagarasi

Mnajua barabara inavyojengwa. Leo lami, kesho mchepuko, keshokutwa mchepuko wa mchepuko. Kabla ya daraja lori lilikuwa limelala ubavu katikati ya njia ya muda, na magari yamepanga mstari huku na huku. Tukashuka. Vumbi jekundu lilitupaka sote, sura zetu zikawa za ukoo mmoja.

Nilikuwa nahesabu siku kichwani. Leo Alhamisi, kesho Mabamba, Jumamosi kurudi. Hapakuwa na nafasi ya lori kulala. Nilikwenda nikawaambia vijana waliokuwa wamekaa kivulini wasukume basi, siyo wakae kama wageni wa harusi. Mmoja akanijibu, "Mama, relax, gari la kuvuta linakuja." Nikamwambia relax ni ya mwenye shamba.

Karibu na mto palikuwa na mkuyu mkubwa, umejaa matunda shinani na kwenye matawi mazito, na ndege wanagombana juu. Mwalimu akaniita.

"Huu nao ni ndugu wa mtini wako," akasema. Akapasua tunda moja kwa kidole. Ndani vikatoka vijidudu vidogo sana, vyeusi, vina mbawa. "Bila hivi, mkuyu unadondosha. Na kila aina ya mtini wa porini ina vidudu vyake. Kiangazi kikizidi ukali vidudu vinakufa, matunda yanapukutika mabichi. Sasa zile tini zako za kijani, zinadondoka zikiwa ndogo na kavu?"

"Kama vifungo."

"Basi nafikiri hizo ni za aina inayotaka kidudu chake, nacho kiko kwao ng'ambo za mbali, huku hakipo. Hizo ungezipanda mbinguni zingedondoka."

Nikasimama pale na lile tunda. Miaka yote ile naokota vifungo chini ya mti alfajiri kabla watu hawajapita, navifukia, kumbe mti ulikuwa unamngojea mdudu ambaye hayupo! Nilicheka, kisha nikaona uchungu, nikamuuliza kwa ukali:

"Na zile nyeusi?"

"Zile nyeusi zinajiivia zenyewe, hazihitaji mdudu. Ndiyo maana nakwambia ni baridi na mvua."

Tukarudi pale pale, kwenye milima. Gari la kuvuta lilifika jua limeshuka. Kibondo tuliingia jioni, Mwalimu akanionyesha nyumba ya wageni ya masista, akaniaga, akasema ataniombea kwa dini yake.

Kibondo hadi Mabamba

Ijumaa asubuhi nilipanda pikipiki. Dereva alikuwa kijana mchangamfu, Kiswahili chake cha redioni na lafudhi yetu ya nyumbani vimechanganyika. Alipojua naenda Mabamba akaniuliza kama nina kitambulisho. Nikamwambia nina cha mpiga kura, cha taifa nimekisahau kwenye sanduku. Akavuta pumzi.

"Mama, ukisema tu 'ego' badala ya 'ndiyo', wale wa kizuizi cha uhamiaji wanakushusha."

Ndivyo ilivyo kule mpakani, na sisi tuliozaliwa na wazazi waliokimbia Burundi tunajua. Una uraia wako, umepiga kura zako, lakini ulimi umebaki na sauti ya mama yako, na mtu wa kizuizini anausikiliza ulimi. Kwenda hawakutusimamisha. Lakini kile kizuizi nilikiangalia vizuri, maana nilijua ndiyo njia ya kurudia.

Kwa Dafroza

"Mawe! Skola!" Dafroza alishangaa kwa Kirundi cha mama, akanikumbatia na mikono ya unga. Alikuwa anasonga ugali wa muhogo. Nilikataa kukaa. Nikasema nionyeshe miti kwanza. Akaniambia sijabadilika tangu utotoni, mgeni gani anakataa maji. Nikanywa maji nimesimama.

Jamani. Ile miti ilikuwa imesimama juani kwenye kokoto, majani mapana, na tini nyeusi zimening'inia laini, shingo zimelegea, nyingine zinatoa utomvu mtamu. Nikachuma moja, nikala. Sikuwahi kula tini iliyoivia mtini ya vipandikizi vyetu. Gervas naye hakuwahi. Machozi yakanitoka na tini mdomoni.

"Unalia nini? Chukua zote, mimi zimenichosha," Dafroza akasema.

Nikamwuliza anaweka mbolea gani. Hakuna. Anamwagilia? Maji yenyewe ya kunywa shida. Anasali sala gani? Akanicheka. Basi nikaona kweli ni mahali, Mwalimu alisema kweli, na nimekuja kuona kwa macho yangu kitu ambacho sitakipata. Nilikaa chini ya mti, ugali ukaniita, sikuwa na hamu.

Ila kando ya jiko lake palikuwa na mtini mwingine, mkubwa kuliko yote, aina ile ile nyeusi. Hauna hata tunda moja.

"Na ule?"

"Ule wa hovyo. Unazaa Januari, wote unaoza, mainzi mpaka kwenye chungu. Nimeuacha kwa sababu naanikia nguo."

Nikainuka. Ulikuwa mti huo huo, kokoto hizo hizo, jua hilo hilo, mkono huo huo wa Dafroza. Lakini unaoza Januari, kama wangu! Nikaenda kwenye ile iliyozaa, nikaanza kuikagua kama ninavyokagua kahawa. Kila tawi lilikuwa na kovu la panga, na chini ya kovu kumechipua tawi jipya, na kwenye hilo tawi jipya ndiko tini zilikokaa. Ule wa jikoni haukuwa na kovu.

"Dafroza, nani alikata hii?"

"Mimi. Nilikata fito za maharage."

"Lini?"

"Wewe naye! Fito za maharage zinakatwa lini? Machi, yakianza kutambaa."

Akanionyesha shamba la pili. Maharage yalikwisha vunwa zamani, lakini fito zilikuwa bado zimesimama, na kadhaa zilikuwa zimechipua majani ya mtini. Ule wa jikoni haukatwi kwa sababu nguo zitakosa pa kukaa, kwa hiyo unachipua wenyewe na vuli na kubeba Januari. Basi, ndiyo siri yote. Anakata Machi, tawi linachipua kwenye mvua za mwisho, linabeba, tini zinanenepa Juni na Julai, zinaiva kiangazi bila tone la mvua. Na sisi je? Sisi watu wa kahawa. Kasulu mkasi unatoka mara moja kwa mwaka, kahawa ikishavunwa, Septemba, na kila kilicho shambani kinakatwa siku hiyo hiyo. Gervas alikata mitini yake Septemba, kila mwaka, kwa uangalifu mkubwa. Tawi likachipua na vuli, tini zikaiva Januari, mvua ikimwagika juu yake. Aliitunza sana. Aliitunza kama kahawa.

Nikamwomba Dafroza ndoo.

Kurudi

Tulizipanga tini kwa tabaka, majani ya mgomba katikati, Ijumaa jioni. Tini mbivu haingoji mtu, siku ya pili imeanza kuchacha. Jumamosi alfajiri nikaondoka kwa pikipiki, na fito moja iliyochipua nimeifunga kwenye kanga. Kizuizini tukasimamishwa.

Ofisa alikuwa kijana wa mikoa mingine, mrefu, hana haraka. Akafungua ndoo.

"Matunda gani haya?"

"Tini."

"Huku hayapo haya. Yametoka Burundi?"

"Yametoka kwa dada yangu, Mabamba."

"Na huo mti? Umevuka nao?"

"Ni fito ya maharage."

Akaitazama fito yenye majani, akanitazama mimi. Nakubali, jibu lilisikika kama dharau. Akanishusha. Kitambulisho cha mpiga kura akakigeuza huku na huku, akaniuliza nilizaliwa wapi, wazazi walizaliwa wapi. Nikamjibu yote, sauti ikazidi kupanda, na sauti yangu ikipanda Kirundi cha mama kinatoka chenyewe. Kadiri nilivyomkasirikia ndivyo nilivyozidi kuonekana mgeni. Akasema nikae kwenye benchi mpaka mkuu wake arudi. Mwenye pikipiki aliningoja weee, mwishowe akaniomba radhi, akaenda.

Nilikaa pale na ndoo juani. Niliogopa, nawaambia ukweli. Sikuogopa kupelekwa popote, niliogopa Jumapili. Nilisikia harufu ya tini inaanza kubadilika chini ya majani, nikawa nahamisha ndoo kufuata kivuli cha benchi. Mchana wingu likapanda upande wa Burundi, na mvua ya kwanza ya msimu ikaja kabla ya wakati wake, kubwa, ya upepo. Niliifunika ndoo kwa mwili wangu.

Mkuu alirudi mvua imekatika, mama mmoja mtu mzima. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Nani Kasulu anaweza kusema anakujua?"

Simu yangu ilikuwa imezima. Namba niliyoikumbuka kichwani ilikuwa moja tu, ya nyumbani kwetu tangu zamani, ambayo sasa anayo Ezekieli. Mnaelewa? Mtu ambaye nikichelewa anapata shamba! Nikaitaja. Akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Tunaye mama hapa anaitwa Skolastika. Unamfahamu?"

Nilisikia redio nyumbani kwa Ezekieli. Nilisikia mwanawe anakohoa.

"Namfahamu," akasema. "Mke wa marehemu kaka yangu. Mwacheni aje. Tunamsubiri."

Hadithi ingenoga kama ningewaambia alinikana. Hakunikana. Lakini lile "tunamsubiri" nililibeba njia nzima. Yule mama akanipandisha kwenye lori la mihogo lililokuwa linakwenda Kibondo, na yule kijana akaninyanyulia ndoo mwenyewe. Akaomba kuonja. Nikampa iliyopondeka, hasira ilikuwa haijaisha.

Jumapili

Nilifika Kasulu kwa gari la alfajiri kutoka Kibondo, misa inatoka. Tope lilikuwa limenipanda mpaka kwenye nyusi, mliniona, na hamkuniuliza, mlipisha njia tu. Nilikwenda moja kwa moja kikaoni.

Wanaume walikuwa kwenye viti, mama mkwe wangu kwenye mkeka karibu na mlango. Bibi huyu ndiye aliyewafundisha watoto wake wote kilimo, baba yao alikuwa mtu wa safari. Tangu nilipopoteza mimba ya mwisho hakuwahi kula kitu kilichotoka mkononi mwangu mbele za watu. Hakunitukana. Alikuwa anasema tu ameshiba.

Nikafungua ndoo. Tabaka za chini zilikuwa uji, zimechachuka. Juu zilibaki chache nzima. Nikaziweka kwenye ungo, nikaeleza yote: zile za kijani na mdudu asiyekuwepo, zile nyeusi na mwezi wa Machi, mti wa jikoni kwa Dafroza unaooza kama yetu. Nikasema zile za kijani ng'oeni hata leo, mimi mwenyewe nitashika jembe. Nyeusi niachieni nizikate Machi.

Ezekieli alisikiliza. Si mtu mjinga. Akauliza polepole:

"Kwa hiyo, shemeji, unasema kaka yangu alikosea. Miaka yote ile."

Mnanijua, mimi jibu hukaa mdomoni kabla swali halijaisha. Siku hiyo halikuja. Nikisema ndiyo, nimemdharau marehemu mbele ya ndugu zake, na hakuna atakayenisikia tena. Nikisema hapana, basi aliyekosea ni mkono wangu. Baba mdogo mmoja akaguna, akasema mti humfuata aliyeupanda. Nikainamisha kichwa. Nilidhani imekwisha.

"Gervas nani alimpa mkasi?"

Alikuwa mama mkwe.

"Nauliza. Nani alimpa mkasi, akiwa mdogo hajui hata kuushika? Nani alimwambia Septemba, ukishavuna, kata kila kitu?"

"Ni wewe, mama," Ezekieli akasema.

"Ego. Ni mimi. Mimi nilijua kahawa. Tini sikuzijua." Akanigeukia. "Lete."

Nilimpelekea ungo. Hakuchukua kwenye ungo. Alikinga mkono, akangoja, mpaka nikaelewa kwamba anataka nimwekee. Nikamwekea tini moja kiganjani kwa mkono wangu huu. Akaila mbele yao wote, na ganda lake, polepole, akalamba vidole.

"Ezekieli, kesho ukakate kahawa," akasema. "Kule chini kwenye mitini usishuke na mkasi."

Nililia kwa sauti mbele ya wanaume wale, na sikuona aibu. Mama mkwe akasogea kwenye mkeka, akapigapiga mahali pa mimi kukaa.

"Machi ikifika uniite," akaniambia. "Utakata wewe, mimi nitakushikia matawi."